Kabla ya Kukodi Hema

Shule zikikaribia kufungwa mwezi wa kumi, makundi ya WhatsApp ya vikundi vya Lucky Summer, Nairobi, hupata moto. Kikundi cha vijana, chama cha kina mama, jumuiya ya kanisa, wazee wa ploti fulani, wote wanakumbuka kwamba mwaka unaisha na bado hawajarudishia jamii chochote. Mmoja anapendekeza wanafunzi waliofanya vizuri watuzwe. Mwingine anasema mwaka huu tusiwasahau wale wa mitaani, tuwapelekee unga na blanketi. Wa tatu anauliza hema ni pesa ngapi. Wiki mbili baadaye kuna kamati, kuna bango lenye picha kubwa ya mgeni wa heshima, na nusu ya michango imeshalipia hema, viti, spika na keki.

Sina ugomvi na keki. Ugomvi wangu ni mpangilio wa mambo. Vikundi vingi hushika shughuli hizi kama mbili tofauti: Jumamosi moja ya kupongeza watoto werevu, Jumamosi nyingine ya kuhurumia wasio na makao. Hapa kwetu watu hao hawako mbali hivyo. Mtoto anayepokea cheti jukwaani na yule anayeokota chupa kwenye jaa la Dandora wametenganishwa na muhula mmoja wa karo, au na kodi ya miezi miwili, au na mzazi aliyelala hospitalini akashindwa kurudi kibaruani. Ukilielewa hilo, unaanza kupanga pesa za kikundi kwa namna nyingine kabisa: unamtuza mwanafunzi ili abaki shuleni, na unasaidia nyumba iliyo karibu kuvunjika ili mtoto wake asihesabiwe mwakani miongoni mwa wa mitaani.

Basi tuanze kwa kujua tunamzungumzia nani. Wadi ya Lucky Summer iko katika eneo bunge la Ruaraka, pamoja na Baba Dogo, Utalii, Mathare North na Korogocho. Ukivuka Korogocho na mto, uko jaani. Jaa lile lilifunguliwa katikati ya miaka ya 1970, likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na malori yanaendelea kuingia hadi leo. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilichapisha uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na hapo, na nusu yao walikuwa na madini ya risasi mwilini kupita kiwango kilichokuwa kimewekwa. Watoto hao walikuwa na shule. Walikuwa na mama. Ndiyo maana mtu akisema "watoto wa mtaani" katika kikao chenu, mwulizeni ana maana gani.

Wako wanaolala nje kabisa, kwenye vijiwe vyao, wanavyoviita besi, chini ya daraja au nyuma ya maduka ya Outer Ring, wengine wakiwa watu wazima wenye watoto waliozaliwa hapo hapo. Wako wanaoshinda jaani au barabarani na usiku wanarudi chumbani kwa bibi yao Korogocho. Halafu kuna kundi ambalo halina jina: familia iliyofungiwa mlango kwa kufuli na mwenye nyumba, ikagawanyika, baba akajishikiza kwa rafiki, mama na watoto kwa dada yake, na mtoto mkubwa wa kiume akaambiwa ajitafutie. Hesabu ya kitaifa ya watu wa mitaani ya mwaka 2018 ilipata watu 46,639 nchini, na 15,337 kati yao walikuwa Nairobi. Hesabu ya aina hiyo humpata aliye barabarani. Yule mama aliye sakafuni kwa dada yake haimwoni. Wala haiwaoni wale waliobomolewa nyumba kandokando ya mito baada ya mafuriko ya 2024, ambao serikali iliwaahidi shilingi 10,000 kwa kila nyumba, nao wakatawanyika kila mtu na njia yake.

Kila kundi linahitaji kitu chake. Anayelala nje anahitaji mtu atakayemfuata kwa miezi, na kazi hiyo kikundi cha Jumamosi hakiiwezi peke yake. Anayeshinda jaani anahitaji shule imrudishe na chakula cha mchana kimshike humo. Aliyefungiwa anahitaji kodi, tena kabla ya mwisho wa wiki. Blanketi moja haliwatoshelezi wote watatu, ingawa ndilo linalobebwa kila Desemba.

Sasa tuzo. Kila kikundi nikijuacho huanza na matokeo ya mtihani: nani ameongoza? Kwa nini aongezewe sifa yule ambaye tayari shule imemsifu, kanisa limemsifu na mjomba wake ameshamnunulia simu? Alama zina nafasi yake, lakini zikiwa kipimo pekee mtatuza watoto walewale wanaolala kwenye chumba chenye meza na taa. Jirani zetu wa Mathare walishatatua jambo hili zamani. Mathare Youth Sports Association, iliyoanzishwa mwaka 1987 na Bob Munro, iliweka utaratibu ambao timu ya mpira inapata pointi za ligi kwa kusafisha mtaa, siyo kwa mabao peke yake. Vijana wanaojitolea kufundisha wadogo, kuchezesha mechi au kuzoa taka hujikusanyia pointi zao binafsi, na wenye pointi nyingi hushindania tuzo za uongozi. Tuzo yenyewe ni karo, na hulipwa shuleni. Utaratibu huu umeunganisha heshima na huduma bila hotuba hata moja.

Hamhitaji ligi ya mpira kuiga hilo. Nendeni shule mbili au tatu za karibu, za umma na zile za kibinafsi za bei nafuu ambazo mtaa wetu umejaa, mkazungumze na mwalimu wa darasa badala ya mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu atawapa orodha ya walioongoza. Mwalimu wa darasa ndiye ajuaye kwamba msichana fulani wa Gredi ya 8 huingia saa mbili kila Jumanne kwa sababu siku hiyo mamake huenda kufua mtaa wa Ngumba naye humwachia mtoto mchanga, na pamoja na hayo hajakosa siku nzima hata moja. Rejista inaonyesha. Mwombeni mwalimu majina ya aina nne: aliyehudhuria licha ya vikwazo, aliyepanda zaidi kutoka alipokuwa, aliyewasaidia wenzake au mtaa, na aliyerudi baada ya kuacha shule. Hiyo ya mwisho isiachwe. Tangu 2020 Wizara ya Elimu ina mwongozo wa kuwarejesha shuleni wanafunzi walioacha, wakiwemo wasichana waliojifungua, lakini mwongozo haumwondolei msichana aibu ya kuingia darasani na kukuta wadogo zake. Kupigiwa makofi na watu wa mtaa wake kunaweza kuipunguza kidogo.

Zawadi iwe nini? Kombe la plastiki na ngao ya River Road vinapendeza kwenye picha na kukaa juu ya kabati vikishika vumbi. Lipeni kitu ambacho shule hudai: karo ya muhula, pesa za chakula cha mchana, sare. Lipeni kwenye akaunti ya shule au dukani, mchukue risiti, na mtoto apewe nakala ya risiti ndani ya bahasha pamoja na cheti. Sare mpimieni mwanafunzi mwenyewe kabla ya kununua. Viatu vilevile. Nimeona mvulana akienda jukwaani kupokea viatu vyeusi vinavyong'aa, saizi mbili chini ya mguu wake, akashukuru, akapigwa picha navyo, na Jumatatu akaonekana na zile raba zake za zamani. Kilichohitajika kilikuwa kipimo cha kamba.

Kwa wanafunzi wa Gredi ya 9 fikirieni mapema zaidi. Kundi la kwanza la mtaala mpya liliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na mpito huo ndio unaoangusha watoto wengi: shule mpya, mara nyingi ya mbali, na orodha ya mahitaji isiyoisha. Tuzo ya Novemba inayotoa cheti inamfaa kidogo kuliko tuzo ya Januari inayotoa nauli, godoro na sanduku. Kama pesa ni za jambo moja tu, mimi ningeziweka hapo.

Kuna kosa moja katika hafla hizi ambalo linaniudhi kuliko hema. Ni kuchanganya heshima na msaada jukwaa moja. Mshereheshaji anamwita mtoto aliyeongoza kwa hesabu, makofi yanapigwa, kisha anamwita anayefuata kwa maneno, "Na huyu ni yatima, hana mtu, lakini Mungu ni nani?" Umati unaguna kwa huruma. Mtoto ana miaka kumi na mitatu na wenzake wote wamesikia. Kuanzia hapo shuleni ana jina jipya. Tuzo na itangazwe hadharani, ikitaja alichofanya mtoto. Msaada utolewe faraghani, ukipitia kwa mzazi au mlezi na mwalimu, na kwenye daftari la kikundi uandikwe kwa namba badala ya jina. Mtoto mmoja anaweza kupata vyote viwili, na mtaa ukajua kimoja tu.

Hilo linatupeleka kwenye picha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha yake ni taarifa. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya jijini faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kikundi chenu hakina milioni nne. Tayarisheni fomu ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi, mzazi aweke sahihi kabla ya siku ya hafla, na asiyetaka asiulizwe sababu. Kwa watoto na watu wa mitaani kanuni yangu ni fupi: hakuna picha. Mtu aliyelala kwenye gunia hawezi kukataa kamera ya mtu aliyeshika mkate.

Tukija kwa wasio na makao, historia ya jiji hili ina watu wa kutufunza. Tarehe 14 Novemba 1959, Geoffrey Griffin, akiwa na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, alifungua kituo cha kuwaokoa wavulana wa mitaani katika vibanda viwili vya mabati. Kituo hicho ndicho Starehe Boys' Centre ya leo, shule ambayo wazazi wa kila tabaka huombea watoto wao nafasi. Wavulana wa mitaani na wanafunzi bora wa taifa wamepita lango moja. Kisha mwaka 1973 padri Mholanzi, Arnold Grol, akaanzisha Undugu Society of Kenya baada ya kuwafuata vijana waliokuwa wakiishi kwa kuelekeza magari maegeshoni katikati ya jiji. Kazi zote mbili zilianza kwa watu waliokuwepo kila siku, mwaka baada ya mwaka, mpaka vijana wakawaamini.

Kikundi chenu hakitakuwepo kila siku. Wanachama wana kazi Industrial Area, wana vibanda vya nguo, wana watoto. Kwa hiyo msijifanye kituo, wasaidieni waliopo. Karibu nasi Parokia ya Mtakatifu Yohana, Korogocho, imekuwa na shughuli hizi kwa miaka mingi, ikiwa ni pamoja na Boma Rescue Centre inayowashughulikia watoto wa jaani. Kuna misikiti na makanisa mengine yenye jiko la wiki. Nendeni watu wawili, bila fulana za kikundi, mkaulize swali moja: ni kitu gani hukwisha kabla ya mwezi kwisha? Majibu yatawashangaza kwa udogo wake. Sabuni. Gesi. Sodo za wasichana. Dawa ya upele. Nauli ya mfanyakazi wa jamii kwenda Murang'a au Siaya kutafuta jamaa za mtoto na kumrudisha nyumbani, safari ambayo wafadhili wakubwa huisahau kwenye bajeti zao kwa sababu haina picha. Chagueni kitu kimoja mkilipie kila mwezi kwa mwaka mzima. Shilingi 2,000 zinazofika kila tarehe 5 bila kukosa zinamwezesha msimamizi wa kituo kupanga. Shilingi 24,000 za siku moja ya Desemba zinamletea unga usio na mahali pa kuhifadhiwa, wiki ileile ambayo benki, kampuni na vyuo vyote vya jiji navyo vinaleta unga.

Halafu kuna shauri la kila mwaka la kufungua makao ya watoto. Huwa linatoka kwa mtu mwenye moyo mzuri na ploti tupu. Likataeni kwa upole. Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto Novemba 2017, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha kwa familia, jamaa au walezi. Wala mtu asimchukue mtoto barabarani akaenda kuishi naye kwa sababu amemhurumia. Sheria ya Watoto ya 2022 ina njia yake: afisa wa watoto, chifu, polisi, mahakama ya watoto. Namba 116 hupigwa bure saa zote. Iandikeni nyuma ya kadi ya kila mwanachama.

Na blanketi? Atakayelipokea saa tatu usiku mara nyingi hana nalo alfajiri. Limeibwa, limeuzwa au amelichukua mkubwa wa besi. Kama lazima mpeleke, mpeni mfanyakazi wa kituo anayewajua kwa majina, yeye ataamua nani na lini. Mkate na maziwa vya dirishani mwa gari navyo vina walakini: vinamfanya mtoto awe na sababu ya kubaki barabarani saa ambayo kituo kina chakula cha moto na bomba la kuogea. Wengine hawatakubaliana nami hapa, watasema njaa haingoji utaratibu. Ni kweli haingoji. Mwenye njaa mbele yako mlishe. Ninachozungumzia ni kikundi kufanya hivyo kuwa mradi.

Jambo ambalo kikundi cha mtaa kinaliweza kuliko shirika lolote la kimataifa ni lile la mlango uliofungwa kufuli. Nyinyi ndio mnaojua. Mama mboga anajua nani ameacha kununua sukuma na sasa anakopa. Msimamizi wa ploti anajua nani hajalipa. Wekeni mfuko mdogo wa kodi. Nyumba moja isaidiwe mara moja kwa mwaka, kwa kodi ya mwezi mmoja isiyozidi kiwango mlichokubaliana. Pesa ziende kwa mwenye nyumba moja kwa moja, na atoe risiti na ahadi kwamba mlango utafunguliwa siku hiyo. Watu watatu ndio waamue, ndani ya siku mbili, kwa sababu kamati ya watu tisa inayokutana Jumapili ijayo itakuta vitu viko nje. Ulizeni jambo moja la msingi: mwezi ujao kodi itatoka wapi? Kama baba ameumia mguu na atarudi mjengoni baada ya wiki tatu, lipeni. Kama kipato kimekufa kabisa, kodi ya mwezi mmoja itaahirisha tu, na huenda pesa hizo zikafaa zaidi kuwahamishia chumba cha bei ya chini au kuwalipia nauli ya nyumbani mashambani. Uamuzi huo ni mgumu na mtakosea mara kadhaa. Mkopo? Sishauri. Anayedaiwa na mwenye nyumba, duka na programu za mikopo za simu hahitaji mdai wa nne anayekutana naye kanisani.

Kazi nyingine isiyo na utukufu ni vyeti vya kuzaliwa. Mtoto asiye nacho hukwama kusajiliwa katika mfumo wa wanafunzi wa Wizara na baadaye kwenye mtihani wa kitaifa, na asiyesajiliwa huwa wa kwanza kutoweka darasani. Mpeni mwanachama mmoja mwenye subira kazi ya kuwafuatia watu kadi ya kliniki, nakala ya kitambulisho cha mzazi na barua ya chifu, kisha awasaidie kuomba kwenye eCitizen. Gharama ni ndogo. Kinachowashinda wazazi ni kupoteza siku ya kibarua mara tatu kwenye foleni.

Wanafunzi wenyewe waingie wapi? Kwenye mtaala mpya Mafunzo ya Huduma kwa Jamii ni somo la lazima katika shule ya upili, na President's Award, mpango ambao umekuwepo Kenya tangu 1966 kwa vijana wa miaka 14 hadi 24, una sehemu nzima ya huduma kwenye ngazi zake za shaba, fedha na dhahabu. Kwa hiyo shule zinatafuta mahali pa kuwapeleka watoto. Msiwapeleke jaani, wala kwenye besi usiku. Wapeni kazi iliyo salama na yenye maana: Gredi ya 10 wakae na watoto wa kituo saa mbili kila Jumamosi wakisoma pamoja, wakusanye sare zilizobana, wazifue, wazipange kwa saizi na kuandika orodha, waandike barua za maombi ya vyeti kwa wazazi wasiojua kusoma. Mtu mzima mmoja awepo muda wote. Daftari la mahudhurio liwepo pia, maana ndilo litakalowapa majina ya tuzo ya huduma mwaka ujao.

Pesa. Chukueni kikundi cha watu 24 wanaotoa shilingi 500 kwa mwezi: ni 12,000, na kwa mwaka 144,000. Ningezigawa hivi: 72,000 karo, chakula na sare, 36,000 mfuko wa kodi, 24,000 kwa kituo, 12,000 zilizobaki ndizo za hafla, nauli na makaratasi. Ndiyo, hafla nzima na makaratasi kwa elfu kumi na mbili. Darasa la shule hupatikana bure Jumamosi, chai na mandazi vya kina mama vinatosha, na watoto hawakuja kuangalia hema.

Kikundi kisajiliwe chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo. Hati hiyo ndiyo itakayofungua akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu. Pesa za kikundi zisikae kwenye simu ya mweka hazina, hata akiwa ni shemasi. Siku simu itakapopotea au mtoto wake atakapolazwa, mtakuwa mmempoteza mweka hazina na urafiki. Na mtoto wa mwanachama akipendekezwa tuzo, mzazi atoke chumbani wakati wa kujadili.

Mkishakaa mwaka mmoja na vitabu vyenu vikiwa safi, angalieni nje. Rotary Club of Nairobi ilipata hati yake mwaka 1930 na leo jiji lina klabu nyingi za Rotary na Lions. Wengi wetu huziona kama za watu wa hoteli kubwa, na si uongo kwamba wanakutana huko. Lakini Rotary ina utaratibu uitwao Rotary Community Corps, ambapo kikundi cha mtaa kisicho na wanachama wa Rotary hufadhiliwa na klabu na kuendesha miradi kwao wenyewe. Kwa shule kuna Interact, ya miaka 12 hadi 18, na upande wa Lions kuna Leo. Mkienda kwao na bango mtapewa mchango wa siku moja. Mkienda na daftari la miezi kumi na miwili, lenye risiti za shule na namba za nyumba zilizosaidiwa, mtazungumza lugha wanayoielewa.

Amebaki mgeni wa heshima. Mwanasiasa atajialika, hasa uchaguzi ukikaribia, na hamna haja ya kumkatalia. Mwandikieni mapema kwamba atazungumza dakika tano, baada ya mwalimu wa darasa. Kwamba cheti hukabidhiwa na mtu aliyemlea au kumfundisha mtoto. Na kwamba akitaka kuchangia, namba ya akaunti ya shule na namba za wanafunzi wanaodaiwa karo, bila majina, zitakuwa kwenye bahasha kitini pake. Atakayekuja baada ya barua hiyo mtengeeni kiti cha mbele.